Kuficha michango ya kikundi kwenye blokicheni: je, uthibitisho usiofichua siri unatosha?

Mkazi wa Ngamiani (Tanga)

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo ya wenye uzoefu. Ninatengeneza programu ya kuweka na kukopa kwa ajili ya kikundi cha akina mama wanaouza samaki hapa Tanga, wanachama wasiozidi thelathini, ambao kila wiki hununua hisa kati ya moja na tano kama ilivyo desturi ya VICOBA. Viongozi wao wanataka kumbukumbu ambazo katibu hataweza kuzibadilisha baada ya kikao, na ndiyo sababu nilichagua mkataba mahiri (programu inayojiendesha yenyewe) kwenye blokicheni, yaani daftari la pamoja la mtandaoni lisilofutika, inayofuata kanuni za mtandao wa Ethereum. Tatizo ni kwamba huko kila muamala uko wazi: mtu akishaijua anwani ya pochi (akaunti ya mtandaoni) ya mwanachama, awe mdai wake au shemeji yake, ataisoma akiba yake yote tangu siku ya kwanza.

Nimeamua kutumia uthibitisho usiofichua siri (zero-knowledge proof), yaani njia ya kuthibitisha kwamba unajua jambo bila kulitaja, ule ambao Goldwasser, Micali na Rackoff waliueleza mwaka 1985. Kila hisa inaingia kama jani katika mti wa Merkle, na jani lenyewe ni heshi ya namba mbili za siri. (Heshi ni alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data na isiyoweza kurudishwa nyuma; mti wa Merkle huunganisha heshi mbili mbili hadi ibaki moja ya juu, yaani mzizi.) Wakati wa kutoa fedha, mwanachama anathibitisha kuwa anaijua siri ya jani mojawapo bila kusema ni lipi, kisha anatoa heshi ya kibatilishi (mojawapo ya namba hizo mbili) ili jani hilo lisitumike tena. Sakiti (masharti ya hesabu ambayo uthibitisho unayahakiki) nimeiandika kwa lugha ya Circom, heshi ni ya aina ya Poseidon, uthibitisho ni wa mfumo wa Groth16, na kwenye mtandao wa majaribio yote yanakwenda. Je, faragha imepatikana?

Kijana wa Dunda (Bagamoyo)

Ndugu yangu, hesabu zako sizitilii shaka, ila faragha ya mpango wa namna hii hutokana na wingi wa watu ambao mwanachama amejichanganya nao, na wewe una watu wasiozidi thelathini. Uwekaji wa fedha unabaki hadharani. Kinachofichwa ni uhusiano kati ya aliyeweka na anayetoa. Sasa fikiria mwisho wa mzunguko: mama mmoja amenunua hisa tano kila wiki, mwingine mbili, mwingine amekosa vikao kadhaa. Kila mmoja akitoa hisa zake zote kwenda kwenye anwani moja mpya, idadi ya majani aliyoyatoa inamtaja kana kwamba ameandika jina lake, na hakuna sakiti itakayomsaidia. Watumiaji wa Tornado Cash, huduma ya kuchanganya sarafu ili kuficha zilikotoka, walipatwa na hayo hayo, ingawa mabwawa yake (mifuko ya pamoja) yalikuwa na viwango maalumu vya 0.1, 1, 10 na 100 ETH (sarafu ya Ethereum) na wateja wengi kuliko kikundi chochote cha Tanga.

Kuna pia suala la ada. Anwani mpya haina kitu cha kulipia muamala, na mwanachama akitumia pochi yake ya zamani kuipelekea ada hiyo, amekwisha kuziunganisha mwenyewe. Itabidi awepo mpelekaji anayewasilisha muamala kwa niaba yake na kujikatia ada katika kiasi kinachotolewa. Hayo yote ni kazi, na mwisho wake ni faragha nyembamba sana. Tena Groth16 inahitaji maandalizi ya awali kwa kila sakiti, na anayebaki na namba za siri za maandalizi hayo anaweza kughushi uthibitisho. Kama uliyafanya peke yako kwenye kompyuta yako, akina mama wamehama kutoka kumwamini katibu na kuja kukuamini wewe.

Katibu wa kikundi (Pangani)

Mimi si mtaalamu wa programu, lakini nimekuwa katibu wa VICOBA kwa muda mrefu, na ningependa kumuuliza kaka yetu: unamficha nani asione nini? Ndani ya kikao hatufichani. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, kila mtu anasikia fulani amenunua hisa ngapi, na sanduku lina kufuli tatu zenye washika funguo watatu tofauti. Uwazi huo ndio unaotulinda dhidi ya mimi katibu. Ukificha michango hata wanachama wenyewe wasione, umeondoa ulinzi tuliokuwa nao kabla ya kompyuta. Asiyetakiwa kuona ni mtu wa nje.

Mhasibu (Korogwe)

Naongeza la sheria kwa kifupi. Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu za mtandaoni si fedha halali nchini, Sheria ya Fedha ya 2024 imeleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, na vikundi kama hivi viko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Marekani nako, mmoja wa waanzilishi wa Tornado Cash alitiwa hatiani Agosti 2025 kwa kula njama ya kuendesha biashara ya kuhamisha fedha bila leseni. Sioni sababu ya fedha za samaki kupita huko kabisa.

Mkazi wa Ngamiani (Tanga)

Nawashukuru. Dada katibu amenigusa hasa. Basi tuseme fedha zinabaki benki na sandukuni, na kwenye blokicheni hakuingii sarafu. Je, uthibitisho bado una kazi?

Kijana wa Dunda (Bagamoyo)

Unayo, na ni nzuri zaidi. Kila baada ya kikao jenga mti wa Merkle wa daftari zima, kisha uweke hadharani mzizi wake tu pamoja na uthibitisho kwamba jumla ya majani yote ni sawa na kiasi kilichohesabiwa mezani. Kila mama anapewa njia ya jani lake (heshi zinazoliunganisha na mzizi) na kuhakiki kwenye simu kwamba hisa zake zimo. Mtu wa nje anaona jumla tu, na katibu hawezi kurudi nyuma kufuta mstari.

Angalia mambo mawili. Kwanza, usiweke heshi ya jina na hisa peke yake, kwa sababu hisa ni kati ya moja na tano, na mwenye orodha ya majina atajaribu zote tano kwa kufumba na kufumbua. Kila jani lichanganywe na namba nasibu ndefu ambayo mwenye jani peke yake anapewa. Pili, na hili ndilo wengi hulisahau, sakiti ihakikishe kuwa kila kiasi kiko ndani ya mipaka yake. Katika hesabu za modulo (ambamo namba huzunguka zikifika kikomo, kama saa) namba hasi huonekana tu kama namba kubwa sana, kwa hiyo mwizi anaweza kubuni mwanachama hewa mwenye akiba hasi, jumla ikapungua kwa kiasi alichochukua, na uthibitisho bado ukakubaliwa. Mfumo unaoficha kiasi huficha na wizi wake: Zcash, sarafu ya kidijitali inayoweza kuficha kiasi, ilikuwa na kosa lililoruhusu kughushi sarafu, likagunduliwa Machi 2018, likarekebishwa Oktoba mwaka huo, na watu wakaambiwa Februari 2019. Weka hapa sehemu ya sakiti inayojumlisha, nitaipitia kabla hujaipeleka kwa akina mama.