Wikendi ya kwanza Las Vegas na kamari sichezi, nitafanya nini siku mbili?

kibuyu21
Wakuu habari za saa hizi. Binamu zangu wawili wameshakata tiketi, tunaingia Las Vegas ijumaa jioni tunatoka jumapili usiku, na mimi nimeingizwa kwenye msafara bila kuulizwa vizuri. Shida ni kwamba kamari sichezi, siyo kwamba ni mlokole sana hapana, ni uoga tu wa kuona hela yangu inaondoka huku naiangalia. Sasa kwa mliowahi kwenda, mtu asiyecheza anafanya nini pale? Halafu nimeona hoteli ya dola 79 kwa usiku, jengo kubwa kama mtaa mzima, ni kweli hiyo au kuna kitu kimefichwa? Nina viza ya mwanafunzi kama inahusika na chochote.

MamaTausi
Mdogo wangu hiyo 79 hebu angalia tarehe tena, nina wasiwasi umeona bei ya jumanne. Ijumaa na jumamosi chumba kilekile kinapanda mara mbili mara tatu, na kukiwa na yale maonyesho ya elektroniki ya januari au mbio za magari za novemba ndo usiseme kabisa. Zamani walikuwa wanakuonyesha bei ndogo halafu ada ya rizoti, yaani ile ya lazima ya hoteli juu ya bei ya chumba, unakutana nayo mbele ya safari, tangu Mei 2025 sheria ya Marekani inawalazimisha waijumlishe kwenye bei ya mwanzo, ila kodi bado inaongezwa mwishoni kwahiyo fika mpaka ukurasa wa kulipa ndo uamini. Mapokezi watashikilia depoziti kwenye kadi yako, usiwape kadi yenye hela zako zote maana kuachiwa inaweza kuchukua siku kadhaa.

Na friji ya chumbani USIIGUSE. Sijasema usinywe, nimesema usiguse, hoteli nyingi zina sensa pale chupa inapokaa. Mume wangu alisogeza soda apate pa kuweka dawa yake, asubuhi soda iko kwenye bili, tukabishana pale mapokezi dakika ishirini na foleni nyuma yetu inatuangalia.

mzee_wa_raba
Chukua raba. Nimemaliza.

Haya natania, naendelea. Ile barabara ya mahoteli wanayoiita Strip ina kama km 6.7, na majengo ni makubwa mpaka macho yanakudanganya, unasema aah ile pale, nusu saa baadaye bado ni ile pale. Kuna basi linaitwa Deuce linapita hapo masaa 24. Monorail, treni ya reli moja ya juu, nayo ipo, inatoka hoteli ya MGM Grand mpaka ya Sahara kwa nyuma ya mahoteli, ila eapoti haifiki, watu wengi wanashtukia hilo wakiwa na mabegi mkononi.

Vya bure vipo vingi aisee. Chemchemi za hoteli ya Bellagio zinacheza na muziki, mimi nimesimama pale mara nne usiku mmoja. Ile duara kubwa ya Sphere, ukumbi wa maonyesho uliofunguliwa 2023, kwa nje unaiona bila kulipa hata senti. Fremont Street, mtaa wa kasino za zamani, iko mjini kwenyewe, maana Strip kwa sehemu kubwa wala haimo ndani ya mipaka ya jiji la Las Vegas, inahesabika iko Paradise, eneo la jirani lisilo chini ya jiji, bisheni na binamu zako mkiwa kwenye gari. Fremont ukipigwa picha na wale waliovaa manyoya wanataka hela, uliza kabla. Na anayekupa tiketi za shoo bure barabarani anataka ukakae masaa akuuzie nyumba ya likizo, mpite kama humuoni.

Mkiwa na gari jumamosi asubuhi nendeni Hoover Dam, lile bwawa kubwa, kama km 50 tu, liko mpakani na Arizona, na kipindi cha baridi ukivuka ng'ambo saa inaruka moja mbele kwahiyo unatembea hatua chache unazeeka lisaa lizima. Grand Canyon, lile bonde kubwa, ile ya South Rim (ukingo wa kusini) achaneni nayo, ni zaidi ya masaa manne kwenda tu, wikendi yote itaishia barabarani. Kiangazi joto linapita digrii 40 bila aibu, maji kila mtu ya kwake.

mgawa_karata
Nimegawa karata mezani miaka kadhaa kwahiyo nijibu ya viza. Kama umetimiza miaka 21 beba pasipoti, bila kitambulisho hata kukaa kwenye mashine utaondolewa. Mwanafunzi wa viza miaka ya mwanzo kikodi kawaida anahesabiwa siyo mkazi, na asiye mkazi akishinda kubwa kwenye sloti, zile mashine za kamari, wanakata asilimia 30 hapohapo. Ruleti (gurudumu la namba na kimpira) na karata za ishirini na moja (blackjack) hawakati.

Uoga wako una hesabu nyuma yake wala usiuonee haya. Ruleti ya pale kawaida ina matundu 38, namba 36 na sifuri mbili, ukiweka dola moja kwenye kila tundu unarudishiwa 36, mbili zimeenda, na hapo umeshinda! Siku hizi kuna meza za sifuri tatu, matundu 39, malipo yaleyale, hizo pita mbali. Kwenye ishirini na moja soma maandishi ya kitambaa, 3 kwa 2 au 6 kwa 5, ndiyo malipo ya ile ya moja kwa moja, yaani karata mbili za kwanza zikifika 21. Umeweka dola 20 ukapata ile ya moja kwa moja, meza ya kwanza inakupa 30, ya pili 24, na watu wanakaa ya pili wanacheka tu.

kibuyu21
Asanteni sana. 79 kweli ilikuwa ya jumanne, nimecheka mwenyewe. Mgawa karata, binamu mkubwa anasema ana njia, anaweka kwenye nyekundu, akikosa anaongeza mara mbili mpaka ipatikane. Nimwambieje?

mgawa_karata
Hao tulikuwa nao kila ijumaa. Akianza na 15 akakosa mara sita mfululizo ameshaacha 945 mezani, na ya saba anatakiwa aweke 960 apate faida ya 15, kama meza itamruhusu maana kila meza ina kikomo. Kukosa sita mfululizo kwenye matundu 38 kunatokea kama mara moja kila akianza mizunguko 47, mzunguko mmoja ni kuanzia 15 mpaka ashinde au akose sita. Mizunguko 46 aliyoshinda inampa 690. Atoe mwenyewe.

kibuyu21
Nimemsomea. Kasema ataanza na 10.

mzee_wa_raba
Basi tiketi yake ya kurudi ikae kwako.