Wimbo uliomrudisha bibi yangu kwa dakika mbili: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni.

Jana nimeirudia Coco na wanangu, ile katuni ya Pixar ya 2017 ya kijana wa Mexico anayetaka muziki kwenye ukoo wa washona viatu. Nimelia palepale nilipolia mara ya kwanza. Mama Coco yuko kitini, kumbukumbu zimemtoka, kitukuu wake Miguel anampigia gitaa wimbo aliotungiwa na baba yake alipokuwa mdogo. Kidole kinaanza kucheza. Sauti inafuata.

Wimbo huohuo tumeshausikia mwanzoni, mwanamuziki maarufu de la Cruz akiuimba jukwaani kwa mbwembwe, ukadhani ni wa mapenzi. Kumbe ulitungwa kwa ajili ya mtoto mmoja tu. Kwangu filamu nzima imebebwa na hapo, na ile Oscar ya wimbo bora ya 2018 ilikuwa halali yao.

Sasa yangu. Bibi yangu wa Muheza, miaka yake miwili ya mwisho, alikuwa ananiita kwa jina la marehemu mjomba. Siku moja naosha vyombo uani, nikajikuta naimba wimbo aliokuwa akituimbia akikuna nazi. Akaupokea. Kugeuka, mkono wake wa kulia unakwenda mbele na nyuma juu ya paja, kama yuko juu ya mbuzi. Mara akanikatisha: "Umeruka hapo." Akaniita kwa jina langu kabisa. Haikupita muda akarudi kule alikokuwa.

Nani mwingine yamemkuta? Karibuni.

Mchangiaji wa 2
Mkuu umenigusa. Mzee wetu, hapa Mombasa, alikuwa akirekodi nyimbo za Mbaraka Mwinshehe kutoka redioni. Kwenye kanda moja, katikati ya wimbo, anasikika akitukemea: "Nyamazeni, narekodi!" Sasa ni marehemu. Wimbo wenyewe uko mtandaoni, safi kabisa, lakini sisi tunasikiliza kanda. Ikilegea tunaikaza kwa penseli.

Mchangiaji wa 3
Mimi niko upande wa Mama Imelda, mama yake Mama Coco. Watu wanamwona mkorofi kwa kupiga marufuku muziki nyumbani, ila mume aliondoka na gitaa lake, hakurudi, akaachiwa mtoto. Baba yangu alikuwa mpiga solo wa bendi ya dansi. Walitoka kwenda kupiga mikoani nikiwa darasa la 2, na yeye hakurudi. Mama hakuvunja redio. Gitaa likianza tu aliizima, akaendelea kupika. Mwaka jana alinikuta nasikiliza rumba. Akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, kisha akaenda kuanua nguo. Hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Mchangiaji wa 4
Pole dada. Mleta mada, bibi ulimrekodi?

Mleta mada
Sikumrekodi, na linaniuma mpaka leo. Nimebaki na beti mbili. Shangazi anasema kile kipande nilichoruka anakijua, lakini hakimjii akiwa amekaa bure, mpaka awe juu ya mbuzi na nazi mkononi. Jumamosi nakwenda Muheza.