Lamineti ya ghorofani ikifika kwenye ngazi

Assalaam alaykum mafundi. Ghorofa ya zege, lamineti (mbao za sakafu za kupachikana) unene milimita 8. Ukingo wa kidato cha juu naumalizaje? Fundi anataka kuugandisha ubao wa mwisho kwenye zege.

— Waalaykum salaam, sheikh. Mzuie! Lamineti inaelea, yaani haigandishwi chini; masika ikivuta unyevu hutanuka, ukiibana upande mmoja itafura katikati. Tafuta kipande cha ukingo wa ngazi chenye mdomo unaolalia juu ya ubao. Hicho ndicho cha kukaza kwenye zege: toboa kwa drili ya milimita 6, tia plagi ya skrubu tunduni, skrubu kila sentimita 25, na gundi ya ujenzi chini yake. Mbao ziishie milimita 10 kabla, mdomo ufunike pengo. Mdomo usiutie gundi.

— Na sponji linalotandikwa chini ya lamineti lisipite chini ya kipande hicho. Kila mguu utakibonyeza, skrubu zitalegea, na pale juu ndipo mtu anapoporomoka. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, chumvi ya bahari unaijua.

— Vidato vyenyewe unavivika lamineti? Kama huvivishi, cha juu kitazidi vyengine kwa kimo karibu sentimita nzima. Watu watajikwaa.

— Navivika vyote. Ahsanteni.