147,573,952,589,676,412,927: ni tasa au si tasa?

Mkomani_67
Asalaam aleikum jamaa. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 67, toa 1. Ni ya kikundi cha hesabu cha kidato cha nne hapa Lamu. Kikokotoo cha simu kinatoa 1.475739526×10^20 basi, na Excel inaimalizia kwa sufuri sita. 3, 7, 11 na 13 zimekataa. Vigawanyo vyake vinatafutwaje?

Hesabu_Langoni
Wa aleikum salaam. Si tasa. Ni 193,707,721 × 761,838,257,287, kazi ya mwanahisabati Mmarekani Frank Nelson Cole, 1903. Mersenne, mtawa Mfaransa, alikuwa ameiorodhesha kama tasa mwaka 1644. Mwanahisabati Mfaransa Lucas alionyesha 1876 kwamba si tasa, tena bila kuwa na kigawanyo hata kimoja mkononi.

Hizo 7, 11 na 13 zinapimwa kwa mkupuo mmoja, kwa sababu 7×11×13 = 1,001. Kata tarakimu tatu tatu kutoka kulia, toa na kujumlisha kwa zamu: 927−412+676−589+952−573+147 = 1,128. Ondoa 1,001, yabaki 127. Hiyo 127 ndiyo unayoigawa: baki ni 1 kwa 7, 6 kwa 11, 10 kwa 13.

Lakini hapo mnapoteza muda. Kwa kuwa 67 ni tasa, kila kigawanyo tasa cha namba hii lazima kiwe 134k+1 (k ni namba nzima), na kikigawanywa kwa 8 kibakishe 1 au 7. Kwa hiyo k ikigawanywa kwa 4 ibakishe 0 au 1. k = 1, 4, 5, 8 na 9 zinatoa 135, 537, 671, 1,073 na 1,207, zote si tasa. Ya kwanza kupimwa ni 1,609 (k = 12).

Wala usiigawe namba nzima. Piga mraba na kuchukua baki kwa 1,609 kila hatua:
2^8 → 256
2^16 → 1,176
2^32 → 845
2^33 → 1,690, yaani 81
2^66 → 6,561, yaani 125
2^67 → 250
Ingekuwa kigawanyo, mwisho ungekuwa 1. Hesabu zote hizi zinaingia kwenye kikokotoo cha kawaida. Kosa la wanafunzi wengi ni kusahau kuzidisha kwa 2 pale kipeo kinapotoka 32 kwenda 33.

Mkomani_67
Shukran, nimeipata 250. Ila kwenye kompyuta nimefanya jaribio la Fermat kwa 2 (2 kwa kipeo cha N−1, kisha baki kwa N, N ikiwa namba yetu), jibu likawa 1. Si ndiyo dalili ya tasa?

Shela_Kaskazi
Kwa namba za aina hii 2 haifai kabisa. 2^67 inabakisha 1 kwa N, na N−1 inagawanyika kwa 67, basi jibu litakuwa 1 daima, N iwe tasa au isiwe. Tumia jaribio la Lucas–Lehmer, la namba za aina hii hasa. Kwenye Python, lugha ya kompyuta:

N = 2**67-1
s = 4
for i in range(65): s = (s*s-2) % N

Mizunguko ni 67−2. s ikiishia 0, N ni tasa; hapa haiishii 0.

Angalia pia alama ya / ya kugawanya. Inageuza N kuwa namba ya desimali yenye tarakimu kama 16 tu za kutegemewa: 927 ya mwisho inakuwa 928, namba shufwa! N/1609 haitaonyesha sehemu yoyote, utadhani imegawanyika. Andika N % 1609, inayotoa baki.

Kigawanyo kidogo cha Cole ni k = 1,445,580. Mwenye kuifuata kwa mkono atakaa barazani mpaka kusi iishe, ila kompyuta haichelewi. Wanafunzi waachieni kuhakiki: makundi ya tarakimu tatu tatu, matatu kwa manne, mazao 12 ya kujumlisha. Waanze na 721×287 = 206,927. Wakikosa 927 hapo mwanzo, wasiendelee.

Mkomani_67
Hilo la mazao 12 ndilo tutakalowapa.