Saluni zinatubana nywele juu na kutuulia ncha. Nimepoteza sentimita 11 kwa siku nne!

Wakuu, heshima kwenu.

Nimejizuia siku tatu nisiandike, maana ningeandika matusi. Leo matusi yameisha, hasira bado iko palepale.

Mimi ni mpishi. Jikoni kwetu nywele lazima zibanwe juu na zifunikwe, siku sita kwa wiki, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Niliacha dawa ya kulainisha nywele Machi 2021, nikanyoa zote, nikaanza kufuga upya. Ukivuta unywele wangu mmoja wa utosini ulikuwa unafika sentimita 42. Najua kwa sababu napima kwa futi ya fundi kila baada ya miezi mitatu na kuandika kwenye daftari. Wale mnaosema nywele ndefu haziendani na kazi ya kubana kila siku, zangu zilirefukia ndani ya kofia ya mpishi, kwenye mvuke na moto.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

Ijumaa ile nilikuwa na harusi ya binamu yangu kesho yake, nikasema kwa mara moja nisijihangaishe, niende saluni wanibane vizuri. Nikaeleza kabla sijakaa: nataka kifundo utosini, ncha zikunjwe ndani, usinipige draya nywele zikiwa mbichi. Dada akaitikia "sawa anti" huku anaongea na mwenzake. Akaniosha, akanifuta kwa taulo kama anakausha sufuria, na nywele bado zinadondosha maji akawasha draya moto wa mwisho na kitana cha meno membamba. Akaanzia wapi? Kwenye shina! Akashuka nacho mpaka nchani, kila fundo alilokutana nalo analivuta tu. Nasikia nywele zinalia "tat, tat, tat" masikioni mwangu. Nikamwambia dada anzia chini, akanijibu, "Anti nywele zako ngumu, vumilia."

Nywele zangu si ngumu. Zilikuwa zinakatwa.

Akamalizia na jeli ya kopo, ile inayokauka ikawa kama varnishi, akafunga rababendi nyeusi tatu zisizo na kitambaa, akakifanya kifundo na kuziacha ncha zote nje zimechanua kama ua. Kwenye kioo ilipendeza, siwezi kudanganya. Nikalipa 35,000.

Harusi ilikuwa ufukweni. Jua la mchana, upepo wa chumvi, ncha ziko nje zinapigwa kwa muda wa masaa tisa mfululizo. Jumapili asubuhi nazishika naona kama nimeshika katani. Zimetimka, zimegeuka rangi ya kutu, ukizisugua zinatoa vumbi la vipande vidogovidogo. Jumatatu nikarudi wanifungue kwa sababu rababendi zilikuwa zimezama na mimi peke yangu nimeshindwa. Yule dada hakutafuta hata mafuta. Alivuta. Rababendi ya pili ilitoka na shada la nywele zangu. Halafu nikiwa nimeinamisha kichwa nikasikia mkasi. Sikuambiwa, sikuulizwa. "Ncha zilikuwa mbovu anti, nimekusaidia kusawazisha."

Sentimita 11. Nimepima nyumbani mara tatu. Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, na hizi zetu za kujisokota mara nyingi hazifiki hata hapo. Kwa hiyo nilichokiona kwenye ufagio wa ile saluni ni mwaka wangu mzima na zaidi. Mwenye saluni alipokuja akasema "si zitaota", akanipa ofa ya stimingi ya bure. Niliondoka bila kumjibu kwa sababu ningelia mbele za watu.

Kinachoniuma ni kwamba ncha hizo hazikuwa mbovu Ijumaa. Wao ndio walioziharibu Ijumaa, na Jumatatu wakazikata kwa kosa ambalo si la ncha zenyewe. Kisha wanageuka na kutuimbia kwamba nywele za Mwafrika hazirefuki. Zinarefuka! Zinaota kila siku kwenye ngozi. Ila kama kila kinachoota juu kinakatikia chini, miaka kumi itapita na wewe uko palepale mabegani, unauziwa mafuta ya kukuza nywele na mtu anayekukata ncha.

Hebu fikirieni ncha ni kitu gani. Unywele uliokwisha kutoka kwenye ngozi hauna damu wala uhai, haujitibu kama kidonda. Ncha iliyofika mgongoni kwangu ilitoka kichwani mwaka 2021. Imekwisha pita kwenye vumbi, sabuni, maji ya kisima yenye chumvi, mito ya kulalia, miaka yote hiyo. Yenyewe ndiyo bibi kizee wa kichwa kizima, na ndiyo anayewekwa nje juani. Juu ya hapo mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayamfikii, kwa sababu nywele zetu zina mizunguko na mafuta hayapandi mlima na kushuka mlima mpaka chini. Mwenye nywele zilizonyooka akichana, mafuta yanateleza. Sisi tusipoyapeleka kwa mkono hayafiki.

Halafu unywele kwa nje umejengwa kwa magamba yaliyolaliana kama mabati ya paa, yakielekea chini. Yakilala, maji yanakaa ndani na unywele unang'aa. Ukichana kwa nguvu zikiwa kavu, ukiosha kwa sabuni ya mche, ukizisugua kwenye kola ya shati kutwa, mabati yananyanyuka na mengine yanang'oka. Hapo ndipo nywele zinapotimka: sehemu iliyo wazi inakunywa unyevu wa hewa ya Dar inavimba, sehemu ya jirani haivimbi, kila unywele unakwenda upande wake. Watu wanaona zimetimka wanaongeza jeli. Baadhi ya jeli za bei poa zina spiriti, zinazidi kuzikausha. Kesho zimetimka mara mbili.

Na draya kwenye nywele mbichi, hili naomba mpishi nilisemee. Mnajua ukitumbukiza viazi vyenye maji kwenye mafuta ya moto kinachotokea. Maji yanageuka mvuke kwa kishindo. Ndani ya unywele uliolowa ni vivyo hivyo: maji yanachemka humo humo, yanafanya mapovu, unywele unabaki na vishimo ndani na unakatikia hapo. Mtu anayeshika draya kila siku kwa ajira yake hapaswi kufundishwa hili na mteja.

Nimewaza sana kwa nini hawajui, na nafikiri sehemu ya jibu ni shuleni. Wengi wetu tumesoma shule za serikali, tumenyolewa tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne au cha sita. Tunatoka pale na miaka kumi na nane hatujawahi kushika ncha ya nywele yetu wenyewe. Kinachofuata ni dawa, rasta au wigi. Msusi naye kapita njia hiyo hiyo. Anajua kusuka rasta ndogo kama uzi, mikono ya ajabu kabisa, lakini nywele zenyewe zilizo ndefu hajawahi kuishi nazo. Hapo namwelewa. Siwezi kuelewa kuambiwa na kutosikia.

Mimi nilichokuwa nafanya miaka yote ile si siri na hakina gharama. Bibi yangu wa Pangani ndiye aliyenianzishia: usiku wa kuamkia kuosha, mafuta ya nazi kwenye nywele, nchani zaidi kuliko kichwani. Yeye alikuwa anayapika mwenyewe kwa tui mpaka mafuta yajitenge. Mwaka 2003 watafiti wa India walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, nazi peke yake ikapunguza protini inayotoka kwenye nywele zikioshwa. Inaingia ndani ya unywele, yale mengine yanakaa juu.

Baada ya kuosha, kondishna na vidole, kuanzia nchani kupanda juu. Kisha nakausha kwa fulana ya zamani, siyo taulo. Zikiwa na unyevu kidogo nazigawa sehemu sita au nane, nasokota mbilimbili mpaka mwisho, ncha naipaka kondishna kidogo ya kuacha, ile isiyosuuzwa, na mafuta mazito juu yake. Ninachobana utosini ni hizo zilizosokotwa, na kila ncha naiingiza chini ya kifundo, tumboni kabisa, isionekane. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko mafuta yote. Ncha iliyofichwa haisuguliwi na kitu.

Nafunga kwa kipande cha taiti kuukuu, sivuti mpaka macho yapande. Kifundo nakiweka juu ya usawa wa kola, kwa sababu zamani nilikuwa nabana kisogoni na koti la kazi lilikuwa linanila nywele za nyuma tu, nikadhani nina ugonjwa. Kila siku chache nakihamisha kidogo, leo utosini, keshokutwa nyuma kidogo, ili sehemu moja isikunjwe miezi yote. Kofia ya kazi ni ya pamba, pamba inafyonza mafuta na kukwaruza, basi nilimpa fundi aishone satini kwa ndani, 3,000 tu. Nikirudi nyumbani nafungua, silali na kifundo hata siku moja. Nalala na kitambaa cha satini.

Ncha zangu nazipunguza mwenyewe, nusu sentimita, mkasi wa nywele tu ambao haukati kitu kingine. Ncha iliyokwisha pasuka haiungwi na dawa yoyote duniani, ukiiacha inaendelea kupasuka kupanda juu. Sipingi mkasi. Napinga mkasi usioniuliza.

*

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Kaka uliyeandika "nyoa tu dada, utapumzika": sikuomba ushauri wa kupumzika. Ukiibiwa pikipiki sikwambii utembee kwa miguu.

Mliosema niweke wigi, nashukuru, lakini jikoni kwenye moto wa gesi siwezi, na nywele zangu nazipenda.

Dada wa Dodoma, umesema unafanya haya yote na bado ncha ni kavu. Angalia kama kondishna yako ya kuacha ina glisirini nyingi. Glisirini inavuta maji kutoka kunakopatikana. Dar hewani yapo. Huko kwenu miezi ya Juni mpaka Agosti hewa ni kavu na upepo mkali, inaweza kuyavuta kutoka ndani ya unywele wenyewe. Jaribu kuipunguza na ufunike ncha kwa mafuta mazito, nyonyo au hata ya mgando, kidogo sana.

Aliyeuliza kuhusu maji ya kisima: ndiyo, yale ya chumvi na chokaa yanaacha utando, nywele zinakuwa kama zina mchanga. Mimi maji ya mwisho ya kusuuzia natumia ya mvua nikiyapata, nisipoyapata nanunua dumu.

Na wewe unayefanya kazi saluni uliyeandika kwamba wateja wa nywele asili tunachosha, tunakaa masaa mengi na tunalipa sawa na wengine. Nimekusoma mara mbili. Kwenye muda una haki. Basi toza muda! Niambie 50,000, niambie njoo Jumanne asubuhi wakati hamna watu, nitakuja. Au niambie hujui nywele hizi, nitaondoka tukiwa marafiki. Usichukue 35,000 zangu ukanipa dakika ishirini za kitana na draya.

Jina la saluni sitaji, msiniulize tena. Nimempelekea mwenye nayo picha za Alhamisi na picha za Jumatatu, futi ikiwa inaonekana, na nimemwomba mambo mawili tu: anirudishie hela yangu na awaambie mabinti wake kwamba hakuna kushika mkasi bila mteja kusema ndiyo kwa mdomo wake. Ameona ujumbe. Hajajibu.

Nimebaki na sentimita 31 na upande wa kushoto nyuma, pale rababendi ilipong'oka, kuna mahali ni fupi kama kidole cha shahada. Sehemu ile haifiki kwenye kifundo, inachomoza kofiani kila nikigeuka, nimeanza kuisuka mstari mmoja mdogo ili itulie.

Anayemjua msusi hapa Dar anayeanza kuchana nchani na anayeficha ncha ndani, aniwekee hapa anapatikana mtaa gani. Hata akiwa Kibaha nitakwenda. Nina harusi nyingine Desemba.