Tupeane uzoefu: uliposoma kitabu cha anthropolojia ya dini ukakuta humo mambo ya nyumbani kwenu

Ndugu zangu, naomba tusimuliane yaliyotupata tuliposoma vitabu vya anthropolojia, hasa ile sura isiyokosekana ya dini, uchawi na mambo ya ghaibu. Naanza mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni tulipopewa kusoma habari za Wazande, watu waishio pale zinapopakana Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Aliyeziandika ni Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, aliyefanya utafiti kwao kwa vipindi kati ya 1926 na 1930 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1937. Mfano unaorudiwa kila mahali ni wa ghala la nafaka. Watu hujipumzisha chini ya ghala lililoinuliwa juu ya nguzo ili wakimbie jua la mchana; mchwa wakishatafuna nguzo, ghala huporomoka na kuwaumiza. Mzande anamjua mchwa na anajua kwamba ndiye aliyekula nguzo. Anachouliza ni kwa nini ghala limeanguka saa ile ile ambapo watu hawa, si wengine, walikuwa chini yake. Na jibu la swali hilo ndilo analoliita mangu.

Hapo nilikiweka kitabu kando. Baba yangu mdogo alikuwa mkwezi wa minazi huko Pangani. Nikiwa darasa la sita alianguka akavunjika nyonga, na kamba ya miguuni ikaletwa nyumbani ikiwa vipande viwili. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekuwa nyeusi kwa kuoza. Za juu pekee ndizo zilizobaki na rangi yake. Baba, ambaye alikuwa mwalimu, alimwonyesha bibi ili maneno ya majirani yakome. Bibi akaipapasa kwa kidole gumba, kisha akasema: “Naiona imeoza, mwanangu. Jana kapandia minazi kumi na minane kwa kamba hii hii. Basi niambie, kwa nini leo?” Baba hakuwa na neno. Kwa miaka mingi niliamini kwamba bibi hakufahamu alichoonyeshwa, nami nilimwonea haya mbele ya wenzangu. Sura ile ilinifanya nijute.

Shida ilinipata nilipoandika muhtasari kwa Kiswahili. Kitabu kinatenganisha mangu, kitu kilichomo mwilini ambacho mtu huzaliwa nacho na anaweza kumdhuru mwenzake kwacho bila dawa wala maneno, na ngua, yaani dawa zinazotumiwa kwa makusudi. Kiswahili changu kiliviita vyote viwili uchawi. Hata neno ghaibu halikukaa sawa, kwa kuwa mwandishi mwenyewe anaeleza kwamba kwa Wazande mangu ni jambo la kila siku, linaloudhi kuliko linavyotisha, na kwamba wao hawagawi dunia kati ya mambo ya maumbile na mambo yaliyo juu ya maumbile. Wenzangu mlifanyaje?

Mchangiaji wa kwanza, mwalimu mstaafu, Morogoro:

Yangu ni fupi. Nilimsoma John Mbiti, Mkenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini za Kiafrika. Nilishangaa kuyakuta maneno Sasa na Zamani katikati ya Kiingereza, yakiwa yamefanywa istilahi: yaliyo Sasa huzama polepole katika Zamani, na marehemu hubaki karibu nasi maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Hilo la jina nililiona kweli kabisa, kwani kwetu mjukuu hupewa jina la babu kwa sababu hiyo hiyo. Lakini zamani ya Mbiti si zamani ya mama yangu, aliyekuwa akisema “watoto wa zamani hizi” huku akitutazama sisi. Neno likishaingia kitabuni hukatwa kidogo pembeni ili litoshe.

Mchangiaji wa pili, Bunia:

Mwalimu, shikamoo. Mama yangu ni Mzande wa Dungu, nami nimekulia Bunia. Katika habari hizo kuna maelezo kwamba mwana wa kiume hurithi mangu kwa baba na binti hurithi kwa mama. Kwenu hiyo ni taarifa. Mimi niliisoma darasani nikiwa binti wa mama yangu, na nikainamisha kichwa ingawa hakuna aliyejua asili yangu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mhadhiri wetu alisema “Wazande wanaamini, Wazande wanafanya”, kana kwamba miaka ile ya 1920, chini ya serikali ya kikoloni ya Sudan iliyogharimia utafiti, haijapita hadi leo.

Wakati wa likizo nilimsomea mama kifungu cha benge, ile sumu anayopewa kuku huku ikiulizwa swali, na kufa au kupona kwake ndilo jibu; kisha kuku wa pili hupewa na swali likageuzwa ili jibu la kwanza lithibitike. Alikuwa anatwanga sombe. Alisema hajaiona ikifanywa, aliisikia kwa babu yake, akaendelea kutwanga. Ila nilipotamka mangu alisimamisha mchi akanisahihisha, mara mbili. Ndugu mwanzisha mada, kuhusu tafsiri: mama akizungumza Kiswahili hasemi uchawi. Husema mangu, na sentensi inaendelea.

Mchangiaji wa tatu, Lamu:

Mimi nilisoma nikiwa edani. Mume wangu alifariki nikiwa nasomea shahada kwa masafa, nikakaa miezi minne na siku kumi kama ilivyoamriwa, na kitabu kilikuwa humo chumbani. Nikafika kwa Arnold van Gennep, aliyeandika mwaka 1909 kwamba mtu anayevuka hali moja kwenda nyingine hutengwa kwanza, hukaa katikati, kisha hurudishwa kwa watu. Nilitazama nguo zangu zisizo na pambo na kisanduku cha manukato ambacho shangazi alikuwa amekifungia, nikajua niko ukurasa gani. Sikupenda ibada yangu iwekwe fungu moja na jando na kutawazwa kwa wafalme, na bado sipendi. Lakini usiku ule nilihesabu siku zilizobaki, zilikuwa arobaini na moja, nikaiandika namba hiyo kwa penseli pembeni, penye neno katikati.