Ushauri: ukurutu wa mtoto wa miaka 3, dawa ya kuumaliza kabisa ni ipi?

Mama_Langoni (Lamu)

Asalaam aleikum wanajamvi, naomba ushauri wa wajuzi.

Mtoto ni wa kike, miaka 3, kilo 13. Ukurutu ulimwanza mashavuni akiwa na miezi 5, sasa umehamia mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Ngozi ya pale imekuwa nene, ya kijivu inayokaribia weusi, ukipitisha kidole inakwaruza kama gome. Muwasho mkali ni wa usiku, anajikuna mpaka damu. Babake ana pumu.

Anaogeshwa mara 2 kwa siku kwa maji ya kisima, sabuni ya kuua vijidudu na dodoki. Halafu mafuta ya zaituni. Kuna tyubu kutoka duka la dawa, dawa 3 zimechanganywa humo. Akipakwa siku 3 anatulia, ikiachwa haipiti wiki imerudi kwa hasira. Mayai, samaki na kamba tumemwachisha tangu mfungo uliopita. Sasa huyu aniambia mwarobaini, yule aniambia sindano moja tu ya mzio. Mimi nataka dawa ya kuumaliza. Ni ipi?

Tabibu_Sabaki (Malindi)

Waaleikum salaam mama, pole sana, na mwana umpe pole.

Swali lako kwanza: dawa ya kuumaliza ukurutu usirudi tena haipo, si Lamu, si Mombasa, si Ulaya. Anayeuza kwa jina hilo mwepuke. Kinachowezekana ni kuutuliza ngozi ikae safi miezi kwa miezi, na watoto wengi huwapungua wakielekea ujana. Kazi hiyo hufanywa kwa vitu vya bei ndogo, ila vipimo ndivyo vinavyokosewa.

Tazama ukuta wa nyumba za mjini kwenu: mawe ya matumbawe, katikati chokaa. Ngozi iko hivyo, seli ndizo mawe na mafuta yake ya asili ndiyo chokaa. Kwa mtoto wa ukurutu chokaa ni haba, mara nyingi kwa kurithi, na hiyo pumu ya baba ni ya ukoo mmoja na tatizo hili. Unyevu unatoka, sabuni na jasho na vumbi vinaingia, mwili unapambana navyo, ndio muwasho. Dodoki na sabuni kali zinakwangua ukuta uliokwisha kuchakaa. Viweke kando leo hii.

Kuoga: mara 1 kwa siku, dakika 5 hadi 10, maji ya uvuguvugu au yaliyokaa tu ndani. Mkaushe kwa kubandika kanga kuukuu, usisugue. Kabla dakika 3 hazijapita, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi, mwili mzima, hata pasipo na ukurutu. Mkono uteremke kufuata vinyweleo. Ukisugua juu chini unaziba vitundu na vinatoka vipele vya usaha. Rudia asubuhi, na tena mchana ukiona ngozi imepauka.

Kiasi hapa ndicho dawa. Mtoto wa umri huu atumie gramu 125 hadi 250 kwa wiki. Mkebe wa gramu 250 ukikaa miezi 2, mtoto hapakwi, anaguswaguswa.

Zaituni iache kwa chakula. Najua heshima yake kwetu, lakini asidi ya oleiki iliyomo huilegeza ile chokaa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2013 uliona ngozi ikidhoofika hata kwa watu wazima wasio na ukurutu. Ukipenda mafuta ya asili, nazi safi isiyotiwa harufu ni bora: Ufilipino walilinganisha kwa watoto 117 kwa wiki 8, matokeo yakatoka 2014, nazi ikashinda mafuta ya madini.

Sasa hiyo tyubu. Mchanganyiko wa dawa 3 kwa kawaida ni steroidi (dawa ya kutuliza mwako na muwasho wa ngozi), dawa ya ukungu na dawa ya bakteria. Inayomtuliza ni steroidi, na mara nyingi ni kali mno kwa mtoto. Soma jina. Ukiona clobetasol, steroidi kali sana, hiyo haifai shingo ya mtoto wala mikunjo: ikitumiwa ovyo inachuja ngozi, inaleta mistari isiyofutika, na inaingia mwilini. Zile mbili nyingine hana haja nazo ikiwa ni ukurutu mtupu, na dawa ya bakteria kama neomisini yenyewe huweza kuleta mzio.

Si kwamba steroidi ni adui. Inayofaa ni ya nguvu ya kadiri, kwa kipimo, mpaka mwisho. Kwa shingo, haidrokotisoni 1%, ambayo ni steroidi hafifu. Kwa viwiko na magoti yaliyokwisha kuwa mazito, 1% mara nyingi haitoshi na huandikwa yenye nguvu zaidi kwa siku 7 hadi 14. Hiyo aandike aliyemwona mtoto.

Kipimo chake: kamua mstari wa dawa juu ya kidole chako cha shahada, toka ncha hadi mkunjo wa kwanza. Huo ni nusu gramu, unatosha eneo la viganja 2 vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mikunjo 4 ya mtoto wako pamoja ni kama mstari 1, shingo nusu mstari ya ile hafifu. Mara 1 kwa siku, siku 14, mikunjo inakula gramu 7, kwa hiyo tyubu ya gramu 15 haiishi. Steroidi na mafuta vipishane kama nusu saa, visichanganyike mkononi. Kipi kinatangulia si hoja.

Kwa nini inarudi kwa hasira? Kwa sababu siku ya 3 juu pametulia, chini moto ungali unawaka. Usipime kwa macho. Fumba macho, pitisha kidole: ikiwa laini kama ngozi ya jirani yake na hajikuni, ndipo uache. Rangi usiifuate. Weusi au weupe unaobaki ni kovu la rangi, huchukua miezi kurudi, na dawa haiuharakishi. Kwa ngozi zetu wekundu wa vitabuni hauonekani, kidole ndicho kinachojua.

Ikishatulia na bado ina tabia ya kurudi palepale, mtaalamu anaweza kukupangia steroidi siku 2 kwa wiki, tuseme Jumamosi na Jumapili, pale panapopenda kuchachamaa tu. Mafuta ya mgando hayana likizo.

BintiShela

Nyongeza kwa upande wa maji, maana kwetu hilo ni kubwa.

Kisima cha chumvi ukitia sabuni povu halipandi, na beseni linabaki na utando mweupe pembeni. Utando uleule unabaki kwenye ngozi ya mtoto. Basi mwilini asitiwe sabuni kabisa, isipokuwa kwapani, kinenani na nyayo, na iwe isiyo na harufu. Maji ya kisima aogee, lakini ya mwisho ya kumsuuza yawe matamu. Lita 5 za maji ya mvua zinatosha.

Nguo: sabuni ya unga ikibaki kwenye uzi inawasha usiku kucha. Suuza mara 2, achana na vilainisho vya harufu. Alale na pamba iliyochakaa, si nailoni. Kucha zikatwe kila Ijumaa. Udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma visiwe chumba anacholala, chandarua kinatosha.

Msimu wa kaskazi jasho ndilo linalomkuna. Mfute kwa kitambaa cha maji matamu, kisha mafuta kidogo. Mafuta mazito kwenye joto lile yanaweza kuleta vipele, hapo hamia krimu nyepesi isiyo na harufu mchana, mgando uwe wa usiku. Ila krimu iliyoandikwa aqueous cream usimwachie mwilini, ina sabuni ndani yake, inachoma ngozi ya ukurutu.

Na baharini anaweza kucheza ngozi ikiwa haina kidonda. Akitoka asuuzwe na apakwe palepale, chumvi isimkaukie.

Mkulima_Gongoni

Kuhusu mwarobaini kwa wanaoupenda: majani yaliyochemshwa yanakausha ngozi, na huyu shida yake ni ukavu. Mafuta ya mbegu zake ndiyo ya kuogopa. Yasiingie kinywani mwa mtoto hata tone, yameshaleta degedege na kudhuru ini kwa watoto wadogo. Liwa nayo inavuta unyevu. Mafuta ya habasoda huwachoma wengine kwa mzio. Dawa zetu zina mahali pake, hapa sipo.

Mama_Langoni

Shukran sana, sikujua kiasi kinaweza kuwa ndiyo kosa. Na sindano je? Na chakula, nimrudishie? Piriton, ile dawa ya mzio, anayo pia, inamlaza kidogo.

Tabibu_Sabaki

Sindano hiyo ni steroidi ya kukaa mwilini wiki kadhaa. Itamsafisha kweli, ndiyo maana inasifiwa. Ikiisha, ukurutu unarudi na zaidi, anadungwa tena, na mtoto anaanza kuvimba uso na kuchelewa kukua. Mkatalie anayekupa.

Piriton inaleta usingizi, muwasho wa ukurutu haiugusi sana. Isiwe ya kila usiku bila kuandikiwa.

Chakula: je, kabla ya kuachishwa, aliwahi kula yai au kamba na ndani ya saa 2 akatoka mabaka yaliyovimba, midomo ikavimba au akatapika? Kama ndiyo, usijaribu nyumbani. Kama hapana, basi kuachishwa hakukuwa na sababu, na mtoto wa miaka 3 anahitaji yai na samaki. Lakini ameshakaa miezi bila navyo, na watoto wa ukurutu wakikatishwa chakula muda mrefu wengine huanza kupata mzio wa kweli wanapokirudia. Kwa hiyo urudishaji upangiwe na daktari, kimoja kimoja.

Mapambo_Mkomani

Naomba niulize humuhumu. Mikono ya watu wazima inayopasuka baada ya kupaka piko, ni ukurutu huohuo?

Tabibu_Sabaki

Ule ni wa kugusana na kitu. Piko nyeusi ni rangi ya nywele, ina kemikali iitwayo PPD, na ngozi ikishaikataa mara moja huikataa maisha. Acha piko kabisa, hata kwenye nywele. Hina tupu ya majani, isiyotiwa kitu, ndiyo salama zaidi. Mikono inayolowa kutwa ipakwe mgando kila ikikauka, na glavu za mpira zivaliwe juu ya glavu za pamba.

BintiShela

Tabibu, tuambie pia ya kumkimbiza mtoto hospitali.

Tabibu_Sabaki

Umefanya vyema kukumbusha. Ukoko wa manjano kama asali, majimaji, ngozi moto na kuuma, hapo bakteria wameingia. Aonwe siku hiyohiyo. Vilengelenge vilivyokusanyika vinavyopasuka na kuacha vidonda vya duara vya saizi moja, na homa, ni virusi vya malengelenge ya midomo vilivyosambaa kwenye ukurutu. Hiyo ni dharura hata kama ni usiku, kwa sababu inaweza kufika machoni. Mwenye kidonda cha mdomo asimbusu mtoto.

Na kabla ya yote, ihakikishwe ni ukurutu kweli. Kama wengi nyumbani wanajikuna usiku, na mtoto ana vipele katikati ya vidole na kiunoni, huo ni upele wa kuambukizana, mnatibiwa nyumba nzima kwa siku moja. Kama kuna duara lenye ukingo ulioinuka na katikati pamepona, ni choa. Steroidi huficha vyote viwili, vinaenea huku unaona vinapoa.

Mama_Langoni

Jumatatu nampeleka hospitali ya King Fahad inshallah. Ile tyubu niitupe?

Tabibu_Sabaki

Usiitupe. Nenda nayo, na sabuni, na chupa ya mafuta, afisa asome majina mwenyewe. Mwambie imepakwa muda gani na mara ngapi, ili ajue kama ni ya kupunguza polepole. Usiku wa kuamkia siku hiyo usimpake steroidi, wayaone yalivyo, mafuta ya mgando endelea nayo.

Jambo la mwisho nililosahau: mafuta uchote kwa kijiko safi, si kwa vidole, mkebe usije ukawa nyumba ya bakteria. Na nguo zilizolowa mgando zinashika moto upesi, hata zikifuliwa. Asikae karibu na jiko la makaa wala mshumaa stima ikipotea.